Nani Alikwambia? Isnadi, Tanbihi na Kuwafundisha Wanafunzi wa Johannesburg Utafiti Mwaminifu

Mwaka 2023 mahakama ya mkoa jijini Johannesburg ilitoa uamuzi katika shauri la mtu aliyedai kuchafuliwa jina. Shauri lenyewe lilikuwa dogo, lakini jambo moja lililokuwa ndani yake limelifanya lisomwe na watu wengi. Mawakili wa upande mmoja walitakiwa wataje kesi za zamani zinazounga mkono hoja yao, wakatoa orodha. Wenzao wa upande wa pili walizitafuta kesi zile wasizipate. Hazikuwapo. Majina, matukio na hukumu zilizotajwa vilitungwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba, na mawakili walizichukua bila ya kuifungua hata moja wakaisoma. Mahakama iliona kwamba hawakukusudia kudanganya. Walikuwa wazembe.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wale hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa watu waliosoma, wakafaulu mitihani na kuapishwa. Na kosa lao ndilo hilo hilo tunalolikuta katika insha za wanafunzi wa historia: mtu anataja kitabu ambacho hajakishika, anaweka namba ya ukurasa ambao hajaufungua, na sentensi inasimama mbele ya msomaji kana kwamba ina ushahidi nyuma yake. Mara nyingi mwanafunzi huyo si mwizi. Amefundishwa adhabu ya kutotaja chanzo, lakini hakufundishwa kazi ya chanzo. Anaijua tanbihi kama kodi inayolipwa ili mwalimu asikasirike.

Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo, na namna inavyoweza kufundishwa, kwa mifano ya historia ya pwani yetu wenyewe.

Johannesburg iko mbali na bahari. Mwanafunzi wa hapa anayetaka kuandika juu ya Kilwa, Pate au Zanzibar hana hati asilia karibu naye. Nyaraka za Zanzibar ziko Zanzibar, hati ya Kiarabu ya Kilwa iko London, na za Wareno ziko Lisbon. Yeye anasoma tafsiri, picha za hati, na vitabu vilivyonukuu vitabu vingine. Mlolongo kati yake na tukio ni mrefu, na kila kiungo chake ni mahali pa kuteleza. Hata hivyo jiji hili lina hazina ambayo maktaba haina. Katika mitaa kama Yeoville wamo Wakongo, Watanzania na wengineo wanaosema Kiswahili kila siku, na watoto wao wako mashuleni na vyuoni. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa shuleni kama somo la hiari. Kwa hiyo watakaogusa historia hii wataongezeka, na ni vyema waanze na mkono safi.

Swali la madrasa

Kwa msomaji aliyekulia madrasa, swali la "nani alikwambia?" si geni. Elimu ya hadithi imejengwa juu yake. Kila hadithi ina sehemu mbili: isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Mwanachuoni hupima mlolongo kabla ya kuyakubali maneno. Je, huyu alikutana na yule? Alijulikana kwa ukweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Hakuna aliyedondoka katikati? Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria (875 Miladia), ameipokea katika utangulizi wa Sahihi yake kauli ya Abdullah bin al-Mubarak kwamba isnadi ni katika dini, na lau si isnadi kila mtu angesema alitakalo.

Tanbihi ni isnadi fupi. Ina kazi tatu. Kwanza, inampa mwenye kazi haki yake: aliyefukua, aliyetafsiri, aliyesimulia. Pili, inampa msomaji njia ya kurudi hadi kisimani aonje maji mwenyewe. Tatu, na hii ndiyo inayosahauliwa, inaonyesha mpaka: hapa ndipo ushahidi unapokoma, na kuanzia hapa anayesema ni mimi. Insha isiyo na tanbihi haina mpaka huo. Msomaji hajui ni lipi la Ibn Battuta, ni lipi la mtaalamu wa karne iliyopita, na ni lipi la mwanafunzi aliyeandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Wanachuoni wa hadithi walikuwa na neno kwa kosa lile la mawakili au kwa ndugu yake wa karibu: tadlisi. Mpokezi hufanya tadlisi anapoificha nafasi iliyo katika mlolongo wake, akasema kwa namna ya kumfanya msikilizaji adhani kwamba amesikia moja kwa moja kwa fulani, na hali amesikia kwa mtu wa kati. Huenda habari yenyewe ikawa ya kweli. Aliyofanya bado ni hadaa, kwa kuwa amemnyima msikilizaji nafasi ya kumpima yule wa kati. Mwanafunzi anayeandika "de Barros anasema" na hali amesoma kitabu cha mtu mwingine kilichomtaja de Barros, anafanya tadlisi. Tumeona kwamba neno hili likielezwa mara moja, wanafunzi waliosoma madrasa hawalisahau, na wasiosoma hulipenda.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Mwanahistoria hamtupi mpokezi dhaifu kama afanyavyo mwanachuoni wa hadithi. Hata uongo wa zamani una habari juu ya aliyeutunga. Lakini lazima ajue, na amjulishe msomaji, kwamba anashika riwaya dhaifu.

Merikebu saba za Kilwa

Mfano wa kwanza ni sentensi ambayo kila mwalimu wa historia ya pwani ameiona: "Kilwa ilianzishwa na Washirazi waliokuja kwa merikebu saba." Kwa kawaida haina tanbihi. Wakati mwingine ina tanbihi isemayo tu "Tarehe ya Kilwa". Tunamwomba mwanafunzi afuate sentensi hiyo nyuma hadi afike mwisho wa njia.

Atakuta kwamba maandishi ya zamani juu ya jambo hili ni mawili. La kwanza ni la Kiarabu, Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, lililotungwa katika karne ya 16. Hati inayojulikana ni nakala iliyoandikwa Zanzibar katika karne ya 19, ikamfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na sasa imo katika Maktaba ya Uingereza kwa namba Or. 2666. Arthur Strong aliichapisha London mwaka 1895. Andiko la pili ni la João de Barros, mwandishi wa historia wa Kireno, aliyeingiza habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552.

Maandishi haya hayasemi kitu kimoja. Katika la Kiarabu, anayeondoka Shirazi ni sultani mwenyewe na wanawe sita, wamepanda merikebu saba, na kila merikebu ikatua mahali pake. Katika la de Barros, anayeondoka ni mwana mmoja, Ali, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Kwa hiyo merikebu saba zimo katika riwaya moja na hazimo katika nyingine, na aliyeandika "Tarehe ya Kilwa inasema" hajasema bado ni ipi. Tofauti hiyo ina uzito wake. Habari ya baba na wana wanaogawana pwani ni dai la nasaba na utawala, na habari ya mtoto wa mtumwa anayekwenda kujijengea mji ni dai la namna nyingine. Mwanafunzi anayezichanganya bila kusema amejitungia riwaya ya tatu ambayo hakuna mtu wa kale aliyeisimulia.

Hapo tunauliza swali gumu zaidi: wewe uliisoma wapi? Wengi wameisoma kwa Kiingereza, katika mkusanyo wa hati za pwani uliotolewa na Freeman-Grenville mwaka 1962. Basi hicho ndicho cha kutajwa. Namba Or. 2666 ni ya aliyeiona hati, au picha yake. Sheria tunayowapa ni fupi: taja ulichokiona. Ukikiona chanzo ndani ya kitabu cha mwingine, taja vyote viwili, na useme ni kipi kilichokuwa mkononi mwako. Si aibu kusoma tafsiri. Aibu ni kuvaa kanzu ya aliyesoma hati.

Kilwa hutusaidia pia kueleza kwa nini mwaka wa kuchapishwa kitabu huandikwa. Neville Chittick alifukua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Alimweka Ali bin al-Hasan, mwanzilishi wa ukoo ule, kwenye mwisho wa karne ya 12. Mwaka 1984 ikapatikana akiba ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na dinari zile hazikuvuka karne ya 11. Miongoni mwa sarafu za fedha zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Mark Horton na wenzake walipozichapisha mwaka 1986, ilibidi tarehe ya Chittick irudishwe nyuma kiasi cha karne nzima. Mwanafunzi anayemtaja Chittick hakukosea. Akiufuta mwaka 1974, ndipo anapomficha msomaji kwamba maneno yale yaliandikwa kabla ya sarafu kuonekana.

Nakala nyingi, mdomo mmoja

Mfano wa pili ni Pate. Inasimuliwa kwamba kitabu cha tarehe ya wafalme wa Pate kilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Baada ya hapo habari zile zilichukuliwa kwa mzee wa ukoo wa Nabhani, Muhammad bin Fumo Umar, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini. Stigand alichapisha riwaya moja kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner alitoa nyingine, ya Kiswahili pamoja na tafsiri, mwaka 1914 na 1915. Nakala nyingine zikafuata.

Mwanafunzi hukusanya vitabu hivi kisha huandika kwa fahari: "Vyanzo vingi vinathibitisha." Ameweka tanbihi nne, na kila moja ni sahihi kwa namba na kwa ukurasa. Lakini tanbihi zake zote zinarudi kwa mzee mmoja. Wanachuoni wa hadithi walitenganisha habari mutawatiri, iliyopokewa na watu wengi kwa njia nyingi zisizotegemeana, na habari ya ahadi, iliyopita kwa mtu mmoja au wachache. Riwaya za Pate, japo ni nyingi kwenye rafu, zinakaribia kuwa habari ya mtu mmoja. Marina Tolmacheva, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliziweka riwaya hizo pamoja ili msomaji aone zinapokutana na zinapoachana.

Kosa la hapa ni gumu kulifundisha kwa sababu mwanafunzi hakuiba kitu wala hakutunga kitu. Ametimiza masharti yote ya karatasi ya maelekezo. Alichokosa ni kuuliza vyanzo vyenyewe vilitoka wapi. Uaminifu wa utafiti hauishii kwenye kuandika jina la kitabu. Unadai pia kutoihesabu sauti moja mara nne.

Kupotea kwa kitabu cha Pate kuna mwenzake hapa hapa Johannesburg. Desemba 1931 moto uliteketeza sehemu ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na ndani yake mkusanyo wa vitabu na hati za Afrika uliokusanywa na John Gubbins. Maktaba ya William Cullen, ambamo leo imo hazina ya nyaraka za kihistoria za chuo hicho, ilifunguliwa mwaka 1934 baada ya msiba huo. Tunawakumbusha wanafunzi wanaoingia humo kwamba karatasi huungua. Hati ikishaungua, kinachobaki ni maneno ya wale waliokwisha kuitaja, na thamani ya maneno hayo inategemea jinsi walivyoitaja: namba, ukurasa, tarehe, na maneno yaliyonukuliwa kama yalivyokuwa. Anayeandika tanbihi vizuri huenda anaandika kwa ajili ya mtu atakayekuja baada ya moto.

Ibn Battuta na maneno ya mwingine

Kila insha juu ya Kilwa humleta Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331. Ni shahidi mzuri, lakini naye ana isnadi. Hakuandika njiani. Alirudi Morocco, na huko Fez habari zake zikaandikwa na Ibn Juzayy, mwandishi wa sultani, na kitabu kikamalizika yapata mwaka 1356. Tangu kufika Kilwa hadi kuandikwa ilikuwa imepita miaka 25 hivi.

Kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya maelezo ya Makka, Madina na Damasko katika kitabu kile imechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyesafiri kati ya mwaka 1183 na 1185. Mahali pengine Ibn Jubayr ametajwa, na pengi hakutajwa. Katika zama zile kuchukua maelezo mazuri ya aliyetangulia hakukuhesabiwa wizi kama leo, na hatumhukumu Ibn Juzayy kwa kanuni za chuo kikuu cha sasa. Lakini tazama matokeo yake. Mtu anayetumia kurasa zile kueleza Damasko ya mwaka 1326 huenda anaeleza Damasko ya mwaka 1184, mji wa karibu karne moja na nusu nyuma yake. Hakuna anayeumia kwa Ibn Jubayr kukosa sifa, maana amekwisha kufa. Anayeumia ni msomaji, anayepewa mji usio wa wakati wake.

Tunapowaeleza wanafunzi hivi, swali la wizi wa maandishi hubadilika machoni mwao. Mwanzoni walidhani ni ugomvi kati ya mwanafunzi na chuo. Sasa wanaona kwamba maneno yaliyochukuliwa bila kutajwa hupotosha saa ya historia.

Tafsiri si pazia

Vyuo vingi vya hapa hutumia programu kama Turnitin kukagua insha. Programu hiyo hulinganisha maneno na kuonyesha yaliyofanana. Haisemi kama kuna wizi. Nukuu iliyofungwa vizuri na kutajwa itaonekana kama mfanano, na wazo lililoibwa likavishwa maneno mapya linaweza kupita salama. Mwalimu anayesoma asilimia bila ya kusoma insha hajakagua kitu.

Kwetu sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili na Kiarabu, tatizo lina sura yake. Mwanafunzi huchukua aya nzima ya Kiingereza, akaitafsiri kwa Kiswahili safi, au akatafsiri ya Kiarabu kwa Kiingereza, kisha akaiweka kama yake. Hudhani kwamba kwa kuwa kila neno amelichagua yeye, aya imekuwa yake. Neno ni lake, lakini hoja, mpangilio na mifano ni ya mwingine. Tafsiri ni kazi ya heshima na ndiyo sababu ina jina: andika "tafsiri yetu" au "tafsiri ya fulani", na chanzo kando yake. Tarehe ya Wamazrui wa Mombasa iliyoandikwa na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947) inasomwa na wengi kwa tafsiri ya Kiingereza ya Ritchie iliyotoka mwaka 1995. Wote wawili wanastahili kutajwa, Sheikh kwa kazi yake na Ritchie kwa yake, maana tafsiri ikiwa na kasoro si haki kasoro hiyo kuwekwa juu ya Sheikh.

Yako na mambo madogo yanayowatatiza wanafunzi wa historia yetu tu. Jina la Kiarabu halikatwi ovyo: Sheikh huyu huorodheshwa kwa al-Mazrui, wala si kwa Ali, ambaye ni baba yake. Mwaka wa Hijria haulingani na mwaka mmoja wa Miladia. Mwaka 904 Hijria ulianza Agosti 1498 na kumalizika Agosti 1499, kwa hiyo kama hati haikutaja mwezi, huandikwa 1498/99, na mwaka wa Hijria unabaki pale pale ulivyo. Anayeugeuza na kuufuta ameitupa tarehe ya hati akabakiza hesabu yake mwenyewe, ambayo huenda ameikosea.

Msimulizi naye ni chanzo

Mwendo wa saa moja kutoka Johannesburg, Chuo Kikuu cha Pretoria kinahifadhi kifaru mdogo wa dhahabu aliyetoka katika makaburi ya Mapungubwe. Ufalme wa Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, ulistawi takriban kati ya mwaka 1220 na 1300, na shanga za kioo zilizopatikana huko ni ushahidi wa biashara yake na Bahari ya Hindi. Vitabu husema kwamba dhahabu ile iligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1932 na kina van Graan, baba na mwana, na kwamba kijana, aliyewahi kusoma Pretoria, alimpasha habari mwalimu wake wa historia, Leo Fouché. Lakini wenyeji walikijua kilima kile na kukiheshimu miaka mingi. Katika masimulizi ya safari hiyo limo jina la mwenyeji, Mowena, anayehusishwa na kuwafahamisha wageni juu ya kilima hicho. Mara nyingi anapewa sentensi moja, na mara nyingi hapewi kitu. Neno "iligunduliwa" limefanya kazi ya kumfuta.

Wanafunzi wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa bibi zao. Mtu anaandika "inasemekana kwamba wavuvi wa Bajuni walikuwa wakifanya hivi na hivi", na ukimwuliza ni nani aliyesema, anajibu kwamba ni mama yake mkubwa, siku ya Idi, akiwa jikoni. Basi mama mkubwa ni chanzo. Anastahili tanbihi kama mwenye kitabu: jina, mahali, tarehe, lugha aliyosema, nani aliyerekodi, nani aliyetafsiri, na je, alishuhudia au alisimuliwa. Na kwa kuwa yu hai, kuna jambo lisilohitajika kwa Ibn Battuta: ruhusa. Aelezwe maneno yake yatakwenda wapi, aulizwe kama anataka jina lake litajwe au lifichwe, na akikataa akubaliwe. Vyuo vya hapa hudai kibali cha maadili kabla ya mwanafunzi kuhoji watu, na sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2013 inalinda taarifa za mtu binafsi. Kwa familia za wageni, ambao baadhi yao wana sababu ya kuogopa majina yao kuandikwa, jambo hili ni zito. Jina likifichwa, tanbihi iseme kwamba limefichwa kwa ombi la msimulizi. Kuficha kwa uwazi ni uaminifu. Kuandika "inasemekana" ni kumwibia.

Namna ya kufundisha

Haya yote hayafundishiki kwa hotuba moja mwanzoni mwa mwaka wala kwa karatasi ya kutia sahihi. Njia tunayoipendekeza ni zoezi moja linalochukua majuma kadhaa.

Mpe kila mwanafunzi sentensi moja kutoka kitabu cha shule au makala ya kawaida, kama ile ya merikebu saba. Kazi yake ni kuifuata nyuma. Kwa kila hatua aandike alichokishika, wapi alikipata, na kinasema nini hasa. Akifika mahali ambapo njia imekatika, aandike kwamba imekatika. Alama zitolewe kwa njia aliyopita, hata kama jibu lake la mwisho ni "sikupata". Hili ni muhimu kuliko yote. Mwanafunzi anayejua kwamba "sikupata" itampa sifuri ndiye atakayetunga, na hapo sisi walimu tunakuwa tumemfundisha.

Katika hatua ya pili, wanafunzi wabadilishane kazi. Kila mmoja achukue tanbihi tano za mwenzake azifungue: je, kitabu kipo? Ukurasa upo? Unasema hivyo? Tanbihi isiyofungukia mtu mwingine si tanbihi. Zoezi hili hufundisha kuliko programu yoyote, maana mwanafunzi aliyezunguka maktaba nusu siku akitafuta ukurasa usiokuwapo hatamtendea mwenzake vile tena.

Katika hatua ya tatu, waiulize akili mnemba swali lile lile na waombe vyanzo, kisha wavikague kimoja kimoja. Baadhi vitakuwapo, baadhi vitakuwapo lakini havisemi lililodaiwa, na huenda vingine visiwepo kabisa. Kwa istilahi ya wazee wetu, programu ile haina isnadi: haikukutana na mtu wala haikushika hati, inapanga maneno yanayofanana na yanayosemwa. Hatuwakatazi kuitumia, kwa kuwa hawatatii na sisi hatutajua. Tunawataka waseme wameitumia wapi, na walichukulie kila jina la kitabu linalotoka humo kuwa uvumi hadi kitabu chenyewe kifunguliwe mbele yao.

Mwishoni mwanafunzi aandike insha yake fupi. Itakuwa na madai machache kuliko ya zamani, na kila dai litakuwa na mwenyewe. Atasema: riwaya ya Kiarabu inasema hivi, de Barros anasema vile, nimezisoma zote kwa tafsiri, sarafu za Pemba zimeibadilisha tarehe, na mimi naona hivi.

Historia ya pwani imekwisha kuandikwa vya kutosha na watu waliosema "Waswahili wanaamini" bila ya kumtaja Mswahili mmoja. Watakaoisahihisha ni hawa tulio nao darasani, na wataaminiwa kwa kadiri tu msomaji atakavyoweza kufuata nyayo zao hadi kwenye hati, sarafu au jiko la mama mkubwa. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na usemi wao: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.